Dakika Tano Zaidi

Alasiri ya Jumapili, tarehe 14 Septemba 1947, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, kijana wa miaka 27 aitwaye Micheál O'Hehir alikuwa akitangaza mpira huku jicho moja likiwa kwenye saa. Laini ya simu iliyobeba sauti yake kuvuka Atlantiki ilikodiwa hadi saa kumi na moja kamili jioni. Mchezo ulikuwa umechelewa kuanza. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na meya, kulikuwa na watu wa kutambulishwa mmoja baada ya mwingine kama kwenye harusi ambayo kila mjomba anadai maikrofoni. Sasa dakika zilikuwa zinayoyoma, mpira haujaisha, na huko Ayalandi, ambako ilikuwa inakaribia saa nne usiku, taifa zima lilikuwa limeinamia redio.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo mtangazaji hafundishwi kulifanya. Katikati ya matangazo, akaanza kuwaomba watu asiowajua, mafundi waliokaa mahali fulani kwenye njia ya ile laini, wasiikate. Dakika tano zaidi. Dakika tano tu. Akarudi kwenye mpira, akasema nani ana mpira, kisha akaomba tena.

Kisa hiki nilikijua kwanza kama kichekesho cha redio. Baadaye nilisoma habari za msimu wote wa 1947 uliomfikisha kijana yule kwenye kile kiti, na tangu hapo yale maombi yake siwezi kuyasikia kama kichekesho.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kuuona. Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira ni wa duara, mdogo kidogo kuliko ule wa soka, na unaruhusiwa kuudaka, kuudundisha, kuupiga teke na kuupiga kwa ngumi kumpa mwenzako. Goli lina umbo la herufi H: nguzo mbili ndefu na mwamba katikati, na chini ya mwamba kuna wavu. Ukiingiza chini ya mwamba ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Ukipitisha juu ya mwamba, katikati ya nguzo, enzi zile ilikuwa pointi moja. Ndiyo maana matokeo yake huandikwa kwa namba mbili: 2-11 maana yake magoli mawili na pointi 11, jumla 17.

Hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Unachezea klabu ya parokia yako, na ukiwa hodari unaitwa kuchezea kaunti yako. Zamani zile ubingwa ulikuwa wa mtoano: kaunti hukutana ndani ya majimbo manne, mabingwa wa majimbo hukutana nusu fainali, na washindi wawili hukutana fainali mwezi Septemba. Ukifungwa mara moja unarudi shambani kungoja mwaka mwingine.

Fainali mahali pake palikuwa Croke Park, Dublin. Hapo pana damu, na simaanishi jasho la wachezaji. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, askari wa Kiingereza waliingia uwanjani humo Dublin ikicheza na Tipperary, wakafyatua risasi, na watu 14 wakafa, mmoja wao mchezaji. Chama chenyewe, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, chini ya utawala wa Uingereza, ili kuinua michezo ya nyumbani. Hadi mwaka 1971 mwanachama alikatazwa kucheza michezo iliyoitwa ya kigeni, soka ikiwemo. Kwa watu kama hao, kuihamisha fainali kutoka Croke Park hata kuipeleka mji wa jirani kungezua ugomvi. Mwaka 1947 wakaambiwa iende Marekani.

Aliyeleta hoja alikuwa padri, Canon Michael Hamilton wa kaunti ya Clare, kwenye mkutano mkuu wa chama wakati wa Pasaka. Sababu yake ilikuwa tarehe. Mwaka 1947 ulitimiza miaka mia moja tangu 1847, mwaka ambao Waayalandi wanauita "Mweusi". Viazi vilivyowalisha maskini viliingiwa na ugonjwa mwaka 1845, vikaoza ardhini, na njaa iliyofuata ikaua watu kama milioni moja, huku wengine zaidi ya milioni moja wakiihama nchi. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza kutoka bandari zilezile. Wengi wa waliohama walikwenda Amerika, na wajukuu wao sasa walikuwa polisi, wazima moto, wajenzi na wanasiasa wa New York. Basi fainali moja iende kwao.

Inasimuliwa kwamba siku ya mjadala ilisomwa barua ya Mwayalandi mmoja aliyeishi New York, akilia kwamba atakufa bila kuiona tena fainali, na kwamba wajumbe walifuta machozi. Inasimuliwa pia kwamba barua hiyo ilitungwa. Mimi sijali sana. Barua za namna hiyo zilikuwa zimeandikwa kweli kwa miaka mia, na kama ile moja ilitungwa, mtungaji hakuhitaji kuumiza kichwa.

Waliopinga walikuwa wengi, na wakati mwingine historia huwatendea kama watu wagumu wa moyo. Tuwasikilize kidogo. Baridi ya mwanzoni mwa mwaka ule ilikuwa kali kuliko zote walizozikumbuka. Theluji ya Februari ilifunika vijiji hadi madirishani. Mkate ulitolewa kwa mgao tangu Januari. Kuni na makaa vilikuwa haba. Mtu wa kijijini aliyebaki, ambaye hakuwa na ndugu tajiri ng'ambo wala nauli ya kumfuata, alikuwa na siku moja kwa mwaka ya kupanda treni kwenda Dublin kuona wakubwa wakipambana. Sasa alikuwa anaambiwa siku hiyo atoe sadaka kwa ajili ya walioondoka. Walioondoka walikuwa na New York nzima! Sioni kosa katika hoja hiyo. Naona tu kwamba ilishindwa. Katibu mkuu wa chama, Pádraig Ó Caoimh, alitumwa ng'ambo kuandaa mambo, na mchezo ukapangwa.

Tangu hapo ubingwa wa mwaka ule ukabadilika ladha. Kila mechi ya mtoano ikawa tiketi. Vijana waliokuwa hawajawahi kuvuka hata bahari ya kwenda Liverpool walijua kwamba ushindi mara tatu au nne tu unawatenganisha na maghorofa waliyoyaona sinema.

Fainali ya jimbo la Munster ilikuwa Kerry na Cork, mjini Cork, uwanja ukiwa tope. Kerry walikuwa mabingwa watetezi. Kisa kinachosimuliwa hadi leo ni cha beki wa Kerry, Joe Keohane. Cork walipewa penalti. Keohane akaenda kubishana na mwamuzi, akabisha kwa muda mrefu, kwa heshima na kwa mikono, na muda wote huo mguu wake ulikuwa juu ya mpira, ukiukandamiza polepole matopeni. Alipomaliza hoja zake, mpira ulikuwa umezama kama kiazi. Mpigaji wa Cork alipiga, mpira ukajikokota, na hatari ikapita. Wanaompenda Keohane husema aliliona jiji la New York mbele ya macho yake wakati akikandamiza. Wa Cork wana maneno mengine.

Kaskazini, jimboni Ulster, Cavan walikutana na Antrim, waliokuwa wamewavua taji la jimbo mwaka uliotangulia. Safari hii Cavan walishinda. Nusu fainali Cavan waliitoa Roscommon, na Kerry wakaitoa Meath. Fainali ikawa Cavan na Kerry.

Haikuwa bahati mbaya. Kerry ni kaunti ya kusini magharibi yenye mataji mengi kuliko wote. Mwaka 1933, walipokuwa wakitafuta taji la tano mfululizo, waliowazuia nusu fainali walikuwa Cavan. Mwaka 1937 wakakutana fainali, na hapo ndipo redio inapoingia kwa mara ya kwanza katika hadithi hii. Dakika za mwisho, Cavan walipitisha pointi juu ya mwamba. Mwamuzi aliikataa. Mtangazaji hakuona kwamba imekataliwa, na wasikilizaji kote nchini wakaambiwa Cavan wameshinda. Ilikuwa sare. Mechi ya marudiano Kerry walishinda. Baada ya hapo Cavan walifika fainali ya 1943, wakafungwa na Roscommon baada ya marudiano. Wakafika ya 1945, wakafungwa na Cork. Kwa hiyo watu wa Cavan waliowasha redio usiku ule wa 1947 walikuwa na sababu ya kutoamini chochote kabla ya filimbi ya mwisho, tena filimbi waisikie kwa masikio yao.

Cavan yenyewe ni kaunti ya vilima vidogo na maziwa mengi, ardhi nzito inayoshika maji. Sensa ya 1841, kabla ya njaa, ilihesabu humo watu zaidi ya 240,000. Sensa ya 1946 ilihesabu kama 70,000. Hesabu hiyo ikae pale ilipo, nitairudia.

Baadhi ya wasafiri walipanda meli ya Mauretania. Wengine walipanda ndege kutoka Rineanna, uwanja ambao leo unaitwa Shannon, safari iliyorukaruka kwa vituo na kuchukua zaidi ya siku nzima. New York iliwapokea kwa msafara wa magari na polisi wa pikipiki. Meya wa jiji alikuwa William O'Dwyer, aliyezaliwa Bohola, kaunti ya Mayo, akaja Amerika akiwa kijana na kufanya kazi za mikono kabla ya kuwa polisi, kisha mwanasheria, kisha mkuu wa jiji. Aliwakaribisha kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Kwenye kikosi cha Cavan kulikuwa na mshambuliaji ambaye mji ule haukuwa mgeni kwake. Mick Higgins alizaliwa New York mwaka 1922, wazazi wake wakiwa miongoni mwa wale waliokwenda. Kisha familia ikafanya jambo ambalo wengi waliliota na wachache walilifanya: ikarudi. Higgins alikulia Ayalandi tangu utotoni. Sasa alikuwa anarudi kwenye mji aliozaliwa akiwa amevaa jezi ya bluu ya Cavan. Nahodha wake, John Joe O'Reilly, alikuwa ofisa wa jeshi, mtulivu, mwenye umbo la kuchorwa.

Polo Grounds haukuwa uwanja wao. Ulikuwa wa besiboli, nyumba ya New York Giants, kaskazini mwa Manhattan chini ya mwamba wa Coogan's Bluff. Kile kichuguu anachosimama mrushaji wa besiboli kiliachwa palepale, ndani ya eneo la kuchezea. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu na joto lilikuwa la kiangazi cha New York, kwa watu waliozoea nyasi laini na manyunyu. Uwanja ulichukua zaidi ya watu 50,000. Waliokuja walikuwa zaidi ya 34,000. Waandaaji walitarajia zaidi, na yale mabenchi matupu nayaona yana haki ya kutajwa: si kila mjukuu wa aliyeondoka anaitaka nyumbani imfuate.

Kerry walianza kama waliotaka kumaliza mapema. Batt Garvey akafunga goli. Eddie Dowling, kiungo aliyekuwa akitawala kila mpira wa juu, akafunga lingine. Cavan walikuwa nyuma kwa pointi nane. Hebu waza kile chumba huko Cavan. Umeme wa vijijini ulikuwa umeanza kusambazwa mwishoni mwa 1946 tu, kwa hiyo redio nyingi ziliendeshwa kwa betri za maji zilizopelekwa mjini kuchajiwa. Nyumba yenye redio ilikuwa nyumba ya kijiji kizima: watu jikoni, watu mlangoni, watu nje chini ya dirisha. Na sauti kutoka upande wa pili wa dunia inawaambia pointi nane.

Kisha Dowling akaanguka vibaya kwenye ile ardhi ngumu, akaumia, akatolewa. Hapo mchezo uligeuka. Cavan walimhamishia P. J. Duke kwa Garvey ili amzibe, na akamziba. Katikati ya uwanja, ambako Kerry walikuwa wafalme, pakawa pa wazi. Joe Stafford akafunga goli. Higgins, mtoto wa New York, akafunga goli New York. Walipokwenda mapumziko Cavan walikuwa mbele kwa pointi moja.

Kipindi cha pili kilikuwa cha Peter Donohoe. Yeye ndiye aliyepiga mipira ya adhabu ya Cavan, na kila Kerry walipofanya kosa aliuweka mpira chini, akautazama, akaupitisha juu ya mwamba. Alimaliza mechi na pointi nane. Magazeti ya New York, ambayo hayakuuelewa mchezo lakini yalielewa mtu anayepiga bila kukosa, yalimwita Babe Ruth wa mpira wa Kigaeli. Nadhani ndiyo sifa pekee ambayo mji ule ungeweza kuitoa kutoka moyoni.

Na ndipo tunaporudi kwa O'Hehir na saa yake. Cavan wako mbele. Dakika zimebaki chache. Saa kumi na moja inafika.

Kwa miaka mia moja habari zilikuwa zimekwenda upande mmoja. Aliyeondoka ndiye aliyengoja barua. Aliyeondoka ndiye aliyesikia, wiki nyingi baadaye, kwamba mama amezikwa, kwamba ng'ombe ameuzwa, kwamba Kerry wametwaa tena. Jumapili ile mambo yalipinduka. Waliobaki ndio waliokaa gizani wakingoja neno kutoka mbali, wasiweze kuona, wasiweze kuuliza, wakiitegemea laini ambayo mtu wasiyemjua angeweza kuikata kwa kidole. Wale 34,000 waliokaa Polo Grounds walikuwa wanaona kwa macho. Sijui kama Canon Hamilton aliwaza hivyo alipotoa hoja yake. Lakini nikiulizwa fainali ile iliadhimisha vipi ule mwaka Mweusi, siitaji misa wala hotuba za meya. Nazitaja zile dakika chache za wasiwasi baada ya saa kumi na moja.

Laini haikukatwa. O'Hehir akatangaza hadi mwisho: Cavan 2-11, Kerry 2-7. Filimbi waliisikia.

Huko Dublin mwaka uliofuata fainali ilirudi Croke Park, na Cavan wakaitwaa tena, dhidi ya Mayo. Kisha mauti yakaanza kuchukua fungu lake. Duke, aliyemziba Garvey, alifariki mwaka 1950 akiwa na miaka 25. Oktoba 1952 Cavan walishinda taji lingine, nahodha akiwa Higgins, na mwezi uliofuata John Joe O'Reilly alifariki akiwa na miaka 34. Cavan hawajawahi kuwa mabingwa wa Ayalandi tena tangu mwaka huo.

Nilisema nitairudia ile hesabu ya watu. Kama fainali ya New York ilikuwa ya kufunga kidonda cha kuhama, haikufunga kitu. Kati ya 1951 na 1961 Ayalandi ilipoteza watu kama 400,000 kwa uhamiaji, na Cavan haikusalimika. Vijana kadhaa waliosimama chini ya madirisha kusikiliza usiku ule lazima walikuwa miongoni mwao. Wengi walikwenda Uingereza kujenga barabara. Wengine walikwenda New York, ambako walikuwa wameshasikia kwa masikio yao kwamba kuna uwanja wa watu wao.

Uwanja wenyewe haupo. Giants walihamia San Francisco baada ya msimu wa 1957, na Polo Grounds ulibomolewa mwaka 1964. Pamesimama maghorofa ya makazi. Lakini ukivuka mto kuingia Bronx, kuna Gaelic Park, na tangu mwaka 1999 timu ya New York imekuwa ikishiriki ubingwa wa Ayalandi, ikipangwa na jimbo la Connacht. Kaunti moja husafiri kutoka nyumbani kuja kucheza nao wakati wa machipuko. Kwa zaidi ya miaka 20 New York walifungwa kila mara. Aprili 2023 ilikuja Leitrim, kaunti inayopakana na Cavan. Mechi ikaisha sare, wakaenda kwenye penalti, na New York wakashinda kwa mara ya kwanza. Huko Leitrim ilikuwa usiku, na watu walikuwa macho wakifuatilia.